Chanjo ya Mbegu, Mbolea na Rutuba ya Udongo katika Kilimo cha Maharage Ufipa

Malangali ni moja ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Haifai kuchanganywa na Malangali ya Mufindi, mkoani Iringa, ambayo jina lake lafahamika zaidi kwa ajili ya shule yake kongwe. Malangali hii ya Sumbawanga imo katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko katika kimo cha kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua huja kwa msimu mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili. Na nchi kwa sehemu kubwa ni ya majani, miti ikiwa haba. Wenyeji hulima mahindi, ulezi na maharage, na katika mazao hayo maharage yana heshima ya pekee, kwa kuwa ndiyo kitoweo cha kila siku nyumbani na ndiyo bidhaa iletayo fedha sokoni.

Mkulima wa maharage wa nchi hiyo aweza siku hizi kusikia habari za vitu vitatu vinavyosemwa kuwa vyatia rutuba shambani. Cha kwanza ni majani na mabaki ya mimea yanayofukiwa ardhini yakaoza. Cha pili ni mbolea ya chumvichumvi inayouzwa kwa mifuko. Cha tatu ni unga mweusi ulio katika pakiti ndogo, unaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, nao huitwa mara mbolea, mara dawa, mara chanjo. Vitu hivi vitatu havifanani kwa asili wala kwa kazi, na namna ya kuvitunza ni mbalimbali kabisa. Lakini majina yanayotumiwa kwa Kiswahili huvichanganya, na mchanganyiko huo wa maneno huzaa hasara shambani. Makala hii yaeleza kwanza kazi ya kila kimoja, na halafu yapima majina yake.

INTUMBA, AU MATUTA YA KIFIPA

Kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea kufika Ufipa, Wafipa walikuwa na utaratibu wao wa kurutubisha ardhi, uliowashangaza wataalamu wa kilimo waliofika huko wakati wa ukoloni. M. Lunan aliueleza katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki mwaka 1950, na baadaye Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii, akautaja katika vitabu vyake juu ya Wafipa. Jirani zao upande wa kusini, Wabemba wa Zambia, walio katika nchi ya misitu, hukata matawi ya miti, huyakusanya na kuyachoma, kisha hupanda ulezi katika majivu. Kilimo hicho huitwa chitemene. Wafipa hawakuwa na miti ya kutosha kufanya hivyo. Walichokuwa nacho ni majani, nao wakayageuza kuwa mboji.

Utaratibu ni huu. Mvua zikiwa zaelekea kwisha na ardhi ingali na unyevu, mkulima hulima majani pamoja na udongo wake, akayageuza na kuyakusanya katika matuta ya mviringo, majani yakiwa ndani na udongo ukiwa juu. Tuta moja kwa Kifipa huitwa intumba. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, au kunde, au mazao mengine ya namna hiyo. Msimu unaofuata, mvua zikianza, matuta hubomolewa, mboji iliyomo hutandazwa, na shamba zima hupandwa ulezi.

Kwa elimu ya udongo ya leo mfuatano huo una maana kubwa. Majani makavu yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Yanapoanza kuoza, viumbe vidogo vinavyoyaozesha huhitaji nitrojeni kwa ajili ya miili yao, nao huichukua katika udongo unaowazunguka. Nafaka ikipandwa wakati huo hupatwa na njaa ya nitrojeni, majani yake yakawa ya manjano. Lakini maharage yana njia nyingine ya kuipata, nayo ni hewa. Kwa hiyo zao lenye uwezo wa kujitafutia hupandwa wakati udongo hauna cha kutoa. Na zao lisilo na uwezo huo hupandwa baadaye, uozo ukiisha na nitrojeni ikiwa imerudi ardhini. Wamatengo wa Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, wana utaratibu unaokaribiana na huo katika mashimo yao yaitwayo ngoro: majani hupangwa miraba juu ya mteremko na kufunikwa kwa udongo, maharage hupandwa kwanza, na mahindi hufuata msimu wa pili. Katika makabila haya mawili, wakulima waliujua mpango wa mazao kwa kuona matokeo yake, miaka mingi kabla ya sababu kujulikana.

KAZI YA VINUNDU

Sababu yenyewe ilifahamika Ulaya katika miaka ya 1886 hadi 1888. Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hustawi katika mchanga usio na nitrojeni, mradi mizizi yake iwe na vinundu, na kwamba vinundu havitokei mchanga ukiwa umepikwa hata viumbe vilivyomo vikafa. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatenga na kuwakuza bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Siku hizi bakteria hao kwa jumla huitwa rizobia.

Hewa ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia hata kidogo. Rizobia huweza. Mbegu ya haragwe ikiota, mizizi yake hutoa vitu vinavyowaita bakteria hao. Nao huingia katika vinyweleo vya mzizi, na mmea huwajengea chumba, ndicho kinundu. Humo mmea huwapa sukari iliyotengenezwa na majani, na wao huupa mmea nitrojeni iliyogeuzwa ikawa chakula. Kila upande hulipa na kulipwa, na upande mmoja ukishindwa kulipa, shirika huvunjika.

Mkulima aweza kuikagua biashara hiyo kwa macho yake. Mharagwe ukikaribia kutoa maua, uchimbwe taratibu pamoja na udongo wake, usivutwe kwa mkono, maana vinundu hukatika vikabaki ardhini. Kinundu kikipasuliwa na ndani kikaonekana chekundu au cha rangi ya waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, au kahawia, hakifanyi. Ama bado ni kichanga, ama kimechoka, ama bakteria waliomo ni wavivu. Tena yafaa kutofautisha kinundu na uvimbe wa ugonjwa uletwao na minyoo fundo. Kinundu hushikamana na ubavu wa mzizi na hubanduka kwa urahisi; uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na haubanduki ila mzizi ukikatika.

Rizobia si wa aina moja, na si kila aina hupatana na kila mmea. Kunde, karanga na njugumawe hupatana na aina nyingi zilizozoea kuishi katika udongo wa Afrika, hata aghalabu hazihitaji kuletewa wageni. Soya, ambayo asili yake ni Asia ya Mashariki, huchagua sana, na katika shamba ambalo haijapata kulimwa mara nyingi haipati mwenzi. Maharage yamo katikati, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Hayachagui; hukaribisha karibu kila rizobia anayebisha hodi, pamoja na wale wasio na nguvu ya kazi. Kwa hiyo shamba la maharage laweza kuonekana lina vinundu vingi na huku mimea yake ina njaa. Hata mkulima akipaka mbegu bakteria walio hodari, hao wageni hulazimika kushindana na wenyeji waliokwisha kujaa katika udongo. Miongoni mwa wageni wanaotumiwa kwa maharage, unaojulikana sana ni ukoo uitwao CIAT 899, uliosifiwa kwa kustahimili udongo wenye asidi. Na sifa hiyo si ndogo katika nchi za juu zenye mvua, ambako udongo mwekundu wa zamani umeoshwa chokaa yake.

CHANJO YA MBEGU KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Wazo la kuwakuza rizobia na kuwauza halikukawia kufuata uvumbuzi wenyewe. Mwaka 1896 Wajerumani wengine wawili, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, walipata hataza ya kufanya hivyo. Tangu hapo biashara hiyo imeenea duniani. Brazil, kwa mfano, hulima soya nyingi mno kwa kutegemea chanjo ya mbegu, karibu bila mbolea yoyote ya nitrojeni. Katika Afrika ya Mashariki, kituo cha rizobia kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977, na bidhaa yake ikajulikana kwa jina la BIOFIX. Katika Tanzania, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilipata kutengeneza chanjo ya soya iliyoitwa Nitrosua. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulianza mwaka 2009 katika nchi nane za Afrika, na Tanzania ikaingizwa baadaye.

Faida iliyopatikana Tanzania yaweza kuonekana katika majaribio ambayo Patrick Ndakidemi na wenzake waliyatangaza mwaka 2006, yaliyofanywa katika wilaya za Moshi na Rombo, mkoani Kilimanjaro. Soya iliyochanjwa tu ilizidi ile isiyotiwa kitu kwa asilimia 127 hadi 139 ya mavuno. Ilipochanjwa na pamoja na hayo kutiwa fosforasi kilo 26 kwa hekta, ilizidi kwa asilimia 207 hadi 231. Maharage yaliyochanjwa tu yalizidi kwa asilimia 60 hadi 78. Na yalipotiwa fosforasi pia, kwa asilimia 82 hadi 95.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa katika hesabu hizo. La kwanza, soya ilifaidika kupita maharage, jambo linalolingana na yaliyosemwa juu ya kuchagua na kutochagua wenzi. La pili, kwa mazao yote mawili, chanjo pamoja na fosforasi ilishinda chanjo peke yake. Lakini udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, na udongo wa Ufipa sio. Mkulima wa Malangali asichukue asilimia za Rombo akazihesabu kuwa ni ahadi kwake. Achukue kanuni, kisha aijaribu katika kipande kidogo cha shamba lake, mistari michache iliyochanjwa kando ya mistari isiyochanjwa.

MBOLEA YA KUPANDIA NA MBOLEA YA KUKUZIA

Madukani katika Nyanda za Juu za Kusini, mbolea za viwandani hugawanywa kwa majina mawili: mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. DAP huhesabiwa ya kupandia. Urea huhesabiwa ya kukuzia. Majina haya ni mazuri na mepesi, lakini hueleza wakati wa kutia mbolea, wala hayaelezi kilichomo ndani yake. Kwa mahindi upungufu huo hauna madhara makubwa, kwa sababu mahindi huhitaji zote mbili. Kwa maharage waweza kuharibu kazi.

Kitu kikubwa katika mbolea ya kupandia ni fosforasi. Kazi ya kuigeuza nitrojeni ya hewa hutumia nguvu nyingi sana, na nguvu hiyo katika kila kiumbe hubebwa na misombo ya fosforasi. Mmea ulionyimwa fosforasi huwa na mizizi mifupi, vinundu vichache na sukari haba ya kuwalipa bakteria. Tena udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi huishika fosforasi kwa nguvu, hata mimea ikaikosa ingawa imo. Ndiyo sababu chanjo ikipakwa bila fosforasi katika udongo wa namna hiyo mara nyingi haionyeshi faida, na mkulima husema kwamba ameuziwa mavumbi. Tanzania ina mwamba wake wa fosfati, uliogunduliwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1983. Mwamba huo ukisagwa huyeyuka polepole, na huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye asidi. Kwa hiyo udhaifu wa udongo wa nchi za juu hugeuka kuwa msaada.

Mbolea ya kukuzia, kinyume chake, ni nitrojeni. Mharagwe uliopewa nitrojeni nyingi hauna haja ya kuwalisha bakteria. Huacha kujenga vinundu, na vilivyokwisha kujengwa huzeeka. Kiasi kidogo wakati wa kupanda, kama kilo 20 za nitrojeni kwa hekta au pungufu, chaweza kuusaidia mche kabla vinundu havijakomaa. Kupita kiasi hicho, mkulima hulipa mara mbili: hununua kwa fedha kile ambacho angepewa bure, na huua shirika ambalo lingempa. Hali hii hutokea hasa pale maharage yanapopandwa katikati ya mahindi, na urea ya mahindi ikamwagwa ovyo shamba zima, badala ya kuwekwa karibu na shina la hindi na kufukiwa.

Mazoea ya kufikiri mbolea kwa kipimo cha mahindi yana historia. Rukwa ni mmoja wa mikoa minne ya kusini, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, iliyosifiwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Mpango wa vocha za pembejeo, uliotekelezwa tangu msimu wa 2008/09 hadi 2013/14, ulitoa mbolea na mbegu bora kwa ajili ya mahindi na mpunga. Maharage hayakuwamo. Kwa hiyo maarifa ya mbolea yaliyofika vijijini yalikuwa maarifa ya nafaka, na zao la jamii ya kunde likapimwa kwa kanuni isiyo yake.

JE, MAHARAGE HURUTUBISHA UDONGO?

Husemwa mara kwa mara, katika madarasa na katika mikutano ya wakulima, kwamba maharage hurutubisha udongo. Neno hili ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ina hatari.

Punje za maharage zina protini kiasi cha asilimia 22 hadi 25, na sehemu moja katika kila sehemu sita na robo ya protini ni nitrojeni. Basi kilo 1,000 za maharage yanayopelekwa sokoni hubeba kilo 35 hadi 40 za nitrojeni. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba mimea ya shamba hilo ilikuwa na kilo 50 za nitrojeni kwa jumla, 38 katika punje na 12 katika majani, mashina na mizizi. Ikiwa asilimia 40 ilitoka hewani, hewa imetoa kilo 20 na udongo kilo 30. Mabaki yakirudishwa shambani, udongo hurudishiwa kilo 12, na hasara yake ni kilo 18. Lakini desturi ya mahali pengi ni kung'oa mimea na mizizi yake, kuipura nyumbani, na kuyachoma mapepeta. Hapo hasara yakaribia kilo zote 30. Kama chanjo na fosforasi zingeongeza sehemu ya hewa ifike asilimia 70, hewa ingetoa kilo 35 na udongo 15. Na mabaki yakirudi, hasara ni kilo tatu tu.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini yaonyesha njia ya kufikiri. Maharage yasiyosaidiwa hayarutubishi udongo. Huufukarisha polepole kuliko mahindi, basi. Chanjo haiwezi peke yake kuwa badala ya mboji, wala mfuko wa fosfati hauwezi. Vyote viwili huongeza kiasi cha nitrojeni kinachotoka hewani, lakini ni mkono wa mkulima unaoamua kama nitrojeni hiyo itabaki shambani au itakwenda na moshi. Mzee aliyelima intumba alilijua jambo hili, kwa kuwa alifukia kila jani. Jembe la kukokotwa na ng'ombe na kilimo cha mahindi mfululizo vimepunguza matuta hayo katika sehemu nyingi za uwanda. Kilichopotea pamoja nayo si umbo la tuta, bali ni ile kanuni ya kurudisha.

MAJINA NA MATOKEO YAKE

Hapa ndipo lugha inapoingia shambani. Neno mbolea laonekana kuwa na undugu na kivumishi -bovu, na kitenzi -bola ambacho katika Kibemba na lugha nyingine za Kibantu maana yake ni kuoza. Kwa asili yake, basi, mbolea ni kitu kilichooza. Kando yake liko neno samadi, lililotoka katika Kiarabu, ambalo limebaki na maana ya kinyesi cha wanyama. Chumvi za viwandani zilipofika, zilipewa jina lile lile la mbolea, na kutofautishwa kwa maneno ya chumvichumvi au ya viwandani. Upanuzi huo wa maana haukudhuru sana, kwa kuwa mboji na chumvi, ijapokuwa asili zake ni mbali, zote ni chakula cha mmea, na zote ni vitu visivyokufa. Mfuko wa fosfati ukikaa juani wiki nzima, fosfati ni ile ile.

Unga wa rizobia ukiitwa mbolea, mkulima hupata picha hiyo hiyo, naye ana haki ya kuipata. Ataacha pakiti juu ya bati, au ndani ya gari lililofungwa. Atainunua mwaka huu aitumie mwaka ujao. Atauchanganya na DAP katika ndoo moja. Katika kila hali hizo bakteria hufa, na kinachopakwa kwenye mbegu ni udongo mweusi tu.

Ukiitwa dawa, hatari ni nyingine. Katika lugha ya kilimo, mbegu iliyotiwa dawa ni ile iliyopakwa sumu ya kuzuia ukungu au wadudu, na aghalabu hutiwa rangi ili watu wasiile. Mkulima aliyezoea hayo hataona ubaya kuzipaka dawa mbili pamoja, hali moja huweza kuiua nyingine.

Jina la chanjo ndilo linaloonekana zaidi katika maandishi, nalo limefuata mfano wa lugha za Ulaya. Kuchanja ni kukata au kupasua. Ngozi ilikatwa chale ndogo, dawa ya ndui ikaingizwa, na hivyo chanjo ikawa jina la kinga ya maradhi. Lakini mbegu haikatwi. Na ngozi yake ikipasuka, huoza kabla ya kuota. Wala rizobia hawakingi ugonjwa. Mkulima aliyeambiwa kwamba maharage yake yamechanjwa, kisha akaona kutu au madoa katika majani, aweza kuhukumu kwamba chanjo haikufaa kitu, na hukumu yake ni sahihi kwa jina alilopewa.

Ugumu mwingine umo katika kuwataja bakteria wenyewe. Kijidudu, katika masikio ya wasemaji wengi, ni kiletacho maradhi. Kimelea ni kile kinacholala juu ya mwili wa mwingine na kumnyonya. Kiswahili cha kila siku kina maneno mengi ya viumbe vidogo vinavyodhuru, na kina machache mno ya vile vinavyofaa.

Liko, hata hivyo, neno moja la jikoni linalokaribia: hamira. Kila mpishi wa maandazi ajua kwamba hamira ni kidogo lakini huumua unga mwingi. Kwamba maji ya moto huiharibu, na ya uvuguvugu huiamsha. Kwamba chumvi nyingi huizuia. Na kwamba ikipitwa na wakati wake haifanyi kazi. Karibu kila sharti la kutunza rizobia limo katika ujuzi huo, ambao mamilioni ya watu wanao tayari bila kufundishwa. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, lakini limekwisha kuwa la nyumba zote za bara. Upungufu wake ni kwamba hamira kazi yake huisha katika unga ule ule, bali rizobia waliopata makao mema huzaana na huweza kukaa katika udongo miaka kadhaa. Tena hamira haihitaji mwenzi, na rizobia hawawezi kitu bila mmea unaowafaa. Kwa hiyo hamira ya mbegu ni jina linalofaa kufundishia kuliko kuandikia kamusi. Katika maandishi ya elimu laweza kukaa neno rizobia, na kitendo chenyewe kikaitwa kupaka rizobia, maana kupaka ndiko kunakofanyika.

Na namna ya kupaka yenyewe ni rahisi, mradi ieleweke kwamba kinachopakwa ni uhai. Mbegu kilo moja hulowanishwa kidogo kwa maji yenye sukari au gundi ya mti, hutiwa gramu 10 za unga wa rizobia, hugeuzwa taratibu hata kila punje ikapata, hukaushwa kivulini, na hupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu, na kufukiwa mara moja. Fosfati huwekwa chini au kando ya mbegu, si juu yake. Pakiti husomwa tarehe yake kabla ya kununuliwa, na hutunzwa mahali pa baridi. Nalo ni jambo gumu kwa duka lililo mbali na kiwanda, na moja ya sababu za bidhaa hii kuwa adimu vijijini.

Wataalamu wa kilimo hupima nitrojeni kwa kilo, na wataalamu wa lugha hupima maneno kwa asili na matumizi yake. Kazi hizi mbili hazikutani mara nyingi. Katika shamba la maharage la Malangali hukutana, kwa maana maelekezo yote humfikia mkulima kwa njia ya maneno, naye hutenda kama neno linavyomwongoza. Kilichooza kikiitwa mboji, cha madini kikiitwa kwa jina la madini yake, yaani fosfati au urea, na kilicho hai kikapewa jina linaloonyesha uhai wake, nusu ya mafundisho itakuwa imekwisha kutolewa kabla bwana shamba hajafungua kinywa.